Mizani Haipigi Saluti: Sheria na Madaraja ya Mashua za Mashindano

Askari wengi waliozaliwa Omugo, na pande zote za Arua na Koboko, wamelelewa mbali na bahari. Maji makubwa tuyajuayo ni ya Mto Nile, kule Rhino Camp. Hata hivyo leo tunapenda kuzungumza nanyi, ndugu wanajeshi na polisi, juu ya mchezo wa mashua. Si mashua za kupanda watu, bali mashua ndogo za mfano, nyingi zikiwa na urefu usiopita sana ule wa bunduki, ambazo mwenyewe huziongoza kwa redio akiwa amesimama ukingoni.

Hatuuleti mchezo huu kwa ajili ya uzuri wake tu. Tumevutwa na sheria zake, kwa kuwa ndani yake mna swali linalomgusa kila mtu aliyevaa sare: watu wasiolingana kwa mali washindaneje kwa haki?

ASILI YAKE

Mwaka 1898, mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo iliyogeuka kulia na kushoto bila kuguswa na mtu wala kufungwa waya. Tangu siku hizo majeshi yaliona faida ya jambo hilo. Tarehe 28 Oktoba 1917, karibu na pwani ya Ubelgiji, Wajerumani waliipiga manowari ya Waingereza, Erebus, kwa mashua iliyojaa baruti na isiyo na mtu. Mashua hiyo iliongozwa kwa waya kutoka nchi kavu.

Vitani hakuna madaraja. Katika Ziwa Tanganyika, mashua mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, ziliiteka Kingani ya Wajerumani tarehe 26 Desemba 1915. Tarehe 9 Februari 1916, Hedwig von Wissmann, iliyozipita mbali kwa ukubwa, ikazamishwa. Hakuna aliyesimamisha vita ili vyombo vipimwe kwanza. Lakini mchezo si vita. Mchezo usiopima ni dhuluma iliyopigiwa makofi.

KWA NINI MADARAJA

Tuchukue mfano wa ndondi, mchezo ulioipatia Uganda heshima kubwa. Leo Rwabwogo alileta medali ya shaba kutoka Mexico mwaka 1968 na ya fedha kutoka Munich mwaka 1972, akipigana katika uzito usiozidi kilo 51. John Mugabi alipata fedha mjini Moscow mwaka 1980 katika uzito wa kilo 67. Wote wawili walikuwa mashujaa, lakini nani angewaweka katika ulingo mmoja na kuita hayo mashindano?

Mashua nazo ni hivyo hivyo. Chombo kirefu kwa kawaida humpita kifupi, na tanga ndiyo injini yake. Basi mwenye fedha za kujenga chombo kirefu zaidi na kutandaza tanga kubwa zaidi angeshinda kabla ya kushuka majini. Mashua za injini nazo hugawanywa kwa ukubwa wa injini: sentimita za ujazo 3.5, au 7.5, au 15. Kila moja hukimbia na wa rika lake kuzunguka maboya, na ile itakayotimiza mizunguko mingi zaidi kwa muda uliowekwa ndiyo mshindi.

NJIA TATU ZA KUPIMA

Kwa mashua za tanga, wakubwa wa mchezo wamejaribu njia mbalimbali. Ya kwanza ni ya hesabu, iliyozaliwa Uingereza katika miaka ya 1880. Katika daraja liitwalo Ten Rater, urefu wa chombo kwenye mstari wa maji, kwa inchi, ulizidishwa kwa eneo la tanga, kwa inchi za mraba, kisha ukagawanywa kwa 6,000; jibu lisizidi 10. Mwenye chombo cha inchi 60 alipata tanga la inchi za mraba 1,000. Aliyeridhika na inchi 50 aliruhusiwa 1,200. Ukiongeza huku, unapunguza kule.

Njia ya pili ni kuweka mipaka michache na kuacha mengine huru. Daraja la Marblehead, lililopewa jina la mji wa Marekani lilikoanzia miaka ya 1930, liliweka urefu wa inchi 50 na tanga la inchi za mraba 800. Uzito haukuwekewa kikomo. Hapo ndipo fedha zilipopata mlango. Vyombo vikawa vyembamba na vyepesi, mikuku ikazidi kwenda chini, nyuzi za kaboni zikachukua nafasi ya mbao, na gharama zikapanda. Jambo hili lafaa kukumbukwa: pale sheria inaponyamaza, mali husema.

Ili kuziba mlango huo, mwaka 1988 lilitungwa daraja la Mita Moja la kimataifa. Urefu usizidi milimita 1,000. Kina cha mkuku kisizidi milimita 420. Uzito wa chombo usipungue gramu 4,000. Kaboni hairuhusiwi katika mwili wa mashua, na mlingoti uwe wa alumini au mti. Matanga ni ya seti tatu zenye vipimo maalumu, kwa upepo mdogo, wa kati na mkali. Redio nayo iwe na kazi mbili tu: kugeuza usukani, na kukaza au kulegeza tanga. Mbao zinaruhusiwa, kwa hiyo fundi maskini mwenye randa na subira aweza kujenga chombo halali. Akichonga chepesi mno, ataongeza farumi ya risasi mpaka mizani iseme gramu 4,000. Wepesi wa kununuliwa haumsaidii tajiri kitu.

NIDHAMU YA REDIO

Askari wa mawasiliano wataielewa sheria hii upesi. Zamani, redio zilipotumia masafa ya megahezi 27 au 40, watu wawili wakiwasha katika wimbi moja, mashua ya mmoja ilitii amri ya mwingine, au ikapotea kabisa. Kwa hiyo kila mshindani alipewa wimbi lake, na kibanio kilichoandikwa namba yake kikawekwa ubaoni. Asiyeshika kibanio hakuwasha redio, hata kwa sekunde moja ya kujaribu. Siku hizi redio za gigahezi 2.4 huepushana zenyewe, lakini adabu ile haijapoteza maana.

Majini pia kuna sheria. Chombo kinachopokea upepo kwa ubavu wa kulia kina haki ya njia. Kile kinachoupokea kwa kushoto hujitenga. Ukimgonga mwenzako kwa kosa lako, au ukigusa boya, hungoji filimbi. Unajitoa kando na kukizungusha chombo chako duara moja kamili, huku wenzako wakikupita. Hapo ndipo tabia ya mtu ipimwapo. Mara nyingi ni yeye peke yake aliyeona kwamba aligusa.

TWAWEZA KUANZA NA NINI

Pwani ya Waswahili, watoto huchonga vingalawa na kuvisimamishia matanga bila redio yoyote. Ulaya pia wazee wa mchezo huu walitembea ukingoni na fimbo, wakigeuza vyombo kwa mkono. Kambi au shule ya hapa kwetu yaweza kuanza vivyo hivyo, kwa chombo cha mti kisichozidi mita moja na tanga la kitambaa cha kipimo kimoja, katika bwawa lililotulia. Tusithubutu Nile, kwenye mkondo, viboko na mamba.

Yatakiwa mambo matatu tu. Sheria iandikwe kabla ya mashindano na isibadilishwe katikati. Kila chombo kipimwe mbele ya wote. Mpimaji naye asiwe mshindani.

Ikiwa chombo cha kapteni kina pungufu ya gramu kumi, kirudishwe kama kingerudishwa cha kuruta. Mizani haipigi saluti. Na kapteni atakayekirudisha chombo chake bila neno, akaongeza risasi na kurejea foleni, atakuwa amewafundisha vijana wake somo wasilolipata katika gwaride la mwezi mzima.