Vipokezi Havikuumbwa kwa Ajili ya Bangi

"Kama ubongo una vipokezi vya bangi, si ina maana tuliumbwa tuitumie?" Swali hili huulizwa vijiweni, huulizwa vyuoni, huulizwa hata na mzazi aliyeketi mbele ya daktari huku mwanawe akiwa hajalala siku ya tatu. Kila likiulizwa, huja kama hoja iliyokwisha kushinda. Haijashinda. Ubongo hauna vipokezi vya bangi. Una vipokezi ambavyo bangi huvivamia.

Upotofu huu umetokana na mpangilio wa ugunduzi. Mwaka 1964, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni walitenga THC, kemikali inayolevya katika bangi. Mwaka 1988, Allyn Howlett na William Devane wa Marekani walionyesha kwamba ubongo wa panya una mahali ambapo kemikali za namna hiyo hunasa. Mahali hapo, panapoitwa leo CB1, pakahusishwa na mmea kwa sababu mmea ndio uliojulikana. Anandamidi, ambayo ubongo huitengeneza wenyewe, ilipatikana mwaka 1992 katika ubongo wa nguruwe, na 2-AG ikafuata mwaka 1995. Laiti hizi mbili zingegunduliwa kwanza, swali hili lisingezaliwa.

Samaki wana kipokezi hiki. Ndege wanacho, vyura wanacho, na hakuna kati yao anayevuta bangi. Tena, kemikali ya mmea kunasa mwilini si ushahidi wa kusudi lolote. Sumu ya mishale iliyopikwa na Wagiriama kutokana na msunguti huua kwa kung'ang'ania pampu za sodiamu katika seli za moyo. Inanasa barabara. Nani atasema moyo uliumbwa kwa ajili ya mshale?

Kazi ya CB1 ni kuzuia, na hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Kipokezi hiki hukaa kwenye ncha ya seli ya neva inayotuma ujumbe, lakini amri yake hutoka kwa seli inayopokea. Mwaka 2001, makundi ya watafiti, likiwemo la Masanobu Kano kule Japani na la Roger Nicoll kule San Francisco, yalionyesha safari hiyo ya kurudi nyuma. Ni kama mgeni anayenawishwa kabla ya kula: yeye ndiye anayepokea maji, na yeye ndiye anayemwambia mwenye birika, "Basi, inatosha." Seli iliyosisimka mno hutoa 2-AG, 2-AG hurudi kwa mtumaji na kugusa CB1, milango ya kalsiamu hubanwa. Kalsiamu ikipungua, vifuko vyenye kemikali za ujumbe havipasuki kwa wingi. Kemikali hiyo ikiwa ni glutamati, inayosisimua, msisimko hupungua. Ikiwa ni GABA, inayotuliza, kinachopungua ni utulizaji. Yote hutokea kwa sekunde chache, pale pale palipohitajika, kisha vimeng'enya huivunja 2-AG.

THC haifanyi hivyo. Huletwa na damu kila pahali kwa wakati mmoja, bila kuitwa na seli yoyote, na hukaa kwa saa kadhaa. Kwenye hipokampasi huvuruga uwekaji wa kumbukumbu; kwenye serebela huharibu mizani na kipimo cha muda, jambo ambalo kila abiria wa bodaboda angepaswa kulijua. Na pale GABA inapopunguzwa, seli zilizokuwa zimezuiwa, zikiwemo za dopamini, huachiwa. Anayesema bangi "imemfungua akili" anasimulia kizuizi kilichoondolewa, si uwezo ulioongezwa. Haki itendeke: vipokezi vya CB1 ni vichache katika sehemu ya shina la ubongo inayoongoza pumzi, ndiyo maana bangi haikati pumzi kama heroini. Hilo haliigeuzi kuwa lishe. Picha za ubongo zilizochapishwa mwaka 2012 zilionyesha kwamba kwa wavutaji wa kila siku vipokezi hivi vilikuwa vimepungua katika gamba la ubongo, vikarejea baada ya takriban wiki nne za kuacha.

Yanayobaki ni ya kufanya. Mwenye mtoto wa kifafa asimchemshie majani: dawa ya CBD, kemikali nyingine ya bangi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 ni safi, hupimwa kwa uzito wa mtoto, huhitaji vipimo vya ini, na wala haifanyi kazi kwa kuiga THC. Dawa za kifafa alizoandikiwa zisikatishwe. Mjamzito na kijana ambaye ubongo wake bado unajengwa waache bangi kabisa, vivyo hivyo mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua saikosisi. Anayeacha ategemee kukosa usingizi, hasira za haraka na kupoteza hamu ya chakula, hasa wiki ya kwanza. Ushauri nasaha husaidia. Anayesikia sauti wasizozisikia wengine apelekwe hospitali leo, na kama anahitaji rufaa, Mirembe iko Dodoma na Mathari iko Nairobi.