Kompyuta Idaipo Ufunguo Baada ya Kuboreshwa

Usimbaji fiche ni kuzigeuza data ziwe alama zisizosomeka na mtu asiye na ufunguo. Programu ya BitLocker, iliyotolewa pamoja na Windows Vista mwaka 2007, huisimba diski nzima. Mara nyingi ufunguo wake hulindwa na chipu iitwayo TPM, ambayo huutoa tu iwapo kompyuta imewaka kwa hatua zile zile zilizowekwa kumbukumbuni.

Hapo ndipo penye chanzo cha tatizo. Uboreshaji ukizibadili hatua hizo, chipu huuzuia ufunguo, na kompyuta hudai tarakimu 48 za urejeshaji. Mnamo Julai 2024, sasisho la Windows lilizifikisha baadhi ya kompyuta katika hali hiyo. Microsoft ilisahihisha kasoro hiyo Agosti 2024.

Kwa hiyo mtumishi wa ofisi, awe Bukavu au Luvungi katika bonde la Ruzizi, asidhani kuwa mashine imeharibika, wala asikubali diski ifutwe. Kwanza, anakili kitambulisho cha ufunguo kinachoonekana kwenye kioo. Pili, autafute ufunguo wenye kitambulisho hicho katika karatasi za ofisi, kwa msimamizi wa kompyuta, au, kwa njia ya simu, katika akaunti ya Microsoft ulimohifadhiwa.

Kinga ni bora zaidi: kabla ya kuboresha, ufunguo uchapwe na kuwekwa kabatini, kisha ulinzi usitishwe kwa muda. Ufunguo ukipotea kabisa, hata fundi hodari hawezi kuzisoma data hizo. Fiche haimbagui mwenyewe na mwizi.