Fahamu Uchaguzi na Matumizi Sahihi ya Chambo Bandia Ziwa Tanganyika

Uvuvi wa mshipi ni miongoni mwa njia za uvuvi zinazomwezesha mvuvi kuchagua samaki anayemlenga bila kuharibu mazalia. Katika Ziwa Tanganyika, linalotumiwa kwa pamoja na Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia, njia hiyo hutumika kuwavua migebuka na sangala. Ufanisi wake hutegemea chambo na namna kinavyochezeshwa majini.

Chambo bandia ni kipande cha chuma au risasi chenye umbo la samaki mdogo, kilichofungwa ndoana. Hushushwa wima chini ya mtumbwi, kisha hupandishwa na kushushwa kwa mkono ili kifanane na dagaa aliyejeruhiwa. Kwa kuwa migebuka huwafuata dagaa, chambo chenye urefu wa sentimita 6 hadi 10, ambao hukaribiana na ule wa dagaa, ndicho kinachofaa zaidi.

Uzito wa chambo

Uzito huchaguliwa kwa kuzingatia kina, upepo na mkondo. Gramu 20 hadi 40 hutosha karibu na uso wa maji. Kina kikubwa au upepo mkali huhitaji gramu 60 hadi 100. Kipimo rahisi ni mshipi wenyewe: ukilala ubavuni badala ya kushuka wima, chambo ni chepesi na kiongezwe uzito.

Ziwa hilo lina kina cha takriban mita 1,470, lakini hewa ya oksijeni haifiki chini ya takriban mita 200, na upande wa kaskazini huishia juu zaidi. Samaki hawaishi chini ya hapo, hivyo kushusha chambo kupita kiwango hicho ni kupoteza muda na mshipi.

Rangi

Rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kufifia kadiri kina kinavyoongezeka. Kwa sababu hiyo, rangi ya fedha na nyeupe hufaa zaidi majini, hasa usiku chini ya taa, ambapo dagaa hukusanyika na migebuka huwafuata.

Namna ya kutumia

Chambo kishushwe hadi kina kilichokusudiwa, kiinuliwe kwa nusu mita hadi mita moja, kisha kiachwe kishuke huku mshipi ukiwa umekazwa kidogo. Samaki wengi hudaka chambo kinaposhuka. Mshipi uliolegea humnyima mvuvi taarifa hiyo. Mshipi wa kusokotwa, ambao hauvutiki, huwasilisha mdako vizuri kuliko nailoni.

Kulinda samaki wachanga

Ndoana moja ni bora kuliko ndoana ya pembe tatu, kwani hurahisisha kumwachia samaki mchanga bila kumjeruhi. Hata hivyo, sangala anayevutwa haraka kutoka kina kirefu hupanuka kibofu cha hewa na huweza kufa hata akirudishwa majini. Mvuvi anayepata samaki wachanga mfululizo anapaswa kuhama eneo hilo badala ya kuendelea kuvua na kuwaachia.

Umuhimu wa tahadhari hiyo ulidhihirika pale shughuli za uvuvi ziwani humo zilipositishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana.

Sheria na usalama

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inamtaka mvuvi kuwa na leseni, na inakataza matumizi ya sumu na baruti. Wananchi wanashauriwa kupata maelekezo kwa Afisa Uvuvi au Kikundi cha Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi (BMU) kilicho karibu, hususan kuhusu maeneo yaliyohifadhiwa.

Aidha, kabla ya kutoka, mvuvi afuatilie utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) na avae jaketi okozi, kwa kuwa upepo wa kusini huchafua ziwa, hasa kati ya Mei na Septemba.