Keekee ya betri isiyochosha mkono

Juma hili tuingie dukani kutafuta keekee ya betri, ile wengi tunayoiita drili.

Muuzaji atakusifia volti kwanza. Usibabaike. Iliyoandikwa 20 na iliyoandikwa 18 kwa kawaida ni kitu kimoja: betri ina seli 5 za lithiamu, kila moja volti 4 ikijaa, 3.6 ikiwa kazini. Kwa bawaba, vitasa na kabati, ya volti 12 yatosha, nayo ina uzito wa yapata kilo moja. Panda juu ya stuli ufunge fimbo ya pazia, mikono ikiwa juu, ndipo utakapojua faida ya wepesi huo.

Lakini kuta zetu nyingi ni za matofali ya saruji. Hapo keekee isiyogonga itazunguka tu hadi biti iungue. Uliza kama inagonga. Nguzo ya zege mwachie fundi mwenye mashine ya umeme.

Kwa mitumba, mimi huanza na chaja. Ya Marekani iliyoandikwa volti 120 pekee, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230, kwaheri! Na kabla ya kulipa, ulizia bei ya betri ya akiba, maana ya kampuni nyingine kwa kawaida haitaingia.