Kimeng'enya cha kutuliza moyo hakimezwi

Mkulima wa Busi, wilayani Kondoa, akiwa ameinama kupalilia alizeti kisha akasimama ghafla, zaidi ya nusu lita ya damu huteremkia tumboni na miguuni. Haanguki, kwa sababu vihisio vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya damu shingoni na karibu na moyo hugundua presha imepungua, hupeleka taarifa kwenye shina la ubongo, na moyo huongezewa kasi ndani ya sekunde chache.

Kazi hiyo hufanywa na neva za aina mbili: zinazochochea moyo, na neva ya vagasi inayoupunguza mwendo. Mojawapo ya vitu vinavyoweza kuvuruga uwiano huo ni suparoksaidi, chembe haribifu inayozalishwa seli zinapotumia oksijeni. Huharibu naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa ya damu na kusaidia kutuliza neva.

Mwili una kinga yake. Kimeng'enya kiitwacho suparoksaidi dismutesi, kilichotambuliwa na McCord na Fridovich wa Marekani mwaka 1969, hubadili chembe hiyo kuwa haidrojeni peroksaidi. Kingine, katalesi, huigeuza hiyo kuwa maji na oksijeni. Panya wenye presha ya juu walipopandikiziwa ubongoni jeni ya kimeng'enya cha kwanza, neva zao za uchochezi zilitulia na presha ikashuka.

Hapo ndipo wauza vidonge vya "kuondoa sumu" wanapopata maneno. Lakini jeni iliyopandikizwa ubongoni si kidonge. Kimeng'enya ni protini. Ukikimeza, tumbo hukisaga kama linavyosaga maharage. Vitamini E nayo ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 9,000 walio katika hatari ya maradhi ya moyo, na matokeo ya mwaka 2000 yalionyesha haikuwakinga. Ninachohofia zaidi si fedha, bali mgonjwa wa presha anayeacha dawa za hospitali akidhani amepata mbadala.

Suparoksaidi dismutesi mwili hujitengenezea kwa msaada wa madini ya shaba, zinki na manganizi, yanayopatikana katika karanga, ufuta, dengu na mtama.

Ukipata kizunguzungu kila unaposimama (na kama hujanywa maji tangu alfajiri, anza na maji), nenda zahanati. Omba upimwe presha baada ya kuketi dakika tano, kisha tena dakika moja hadi tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mtajie mhudumu dawa zote unazotumia, mitishamba ikiwemo. Huenda dozi ikahitaji kubadilishwa, usiibadilishe mwenyewe.