Ukiwa na Mafua, Pumzika Nyumbani

Mafua huletwa na vijidudu vidogo sana viitwavyo virusi. Dawa za antibiotiki haziviui. Usipoteze fedha zako. Pumzika nyumbani. Kunywa maji, uji au chai. Sikiliza redio, au wasimulie watoto hadithi za zamani. Lakini bao lisubiri. Kete hupita mkono kwa mkono, na mafua hupita nazo. Ukipiga chafya, ziba pua na mdomo kwa kitambaa. Nawa mikono kwa sabuni. Mara nyingi mafua huisha kwa siku 7 hadi 10. Mtoto akihema haraka haraka, au kifua kikibonyea anapovuta pumzi, hayo si mafua tu. Huenda ni nimonia. Nimonia huua. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.