Mafuta Mazito ya Viwandani (Sehemu ya Pili): Hatari Iliyo Ndani ya Tangi

Katika sehemu ya kwanza tulieleza mafuta mazito yanakotoka: ni masalia yanayobaki baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kutenganishwa na mafuta ghafi. Mitambo ya kufua umeme ya Kipevu, Mombasa, na ya Tegeta, Dar es Salaam, ilijengwa iyachome. Meli kubwa huyatumia, na viwanda vyenye boila na tanuri huyapenda kwa sababu bei yake ni nafuu kuliko ya dizeli. Leo tuingie kwenye jambo lililonisukuma kuandika mfululizo huu, yaani namna mafuta haya yanavyowaua watu wanaoamini kwamba hayana madhara.

Imani hiyo haikuzuka bure. Kila mafuta yana kiwango chake cha mwako, yaani joto ambalo yakilifikia hutoa mvuke wa kutosha kushika moto cheche ikitokea. Kwa petroli kiwango hicho kiko karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo popote tuishipo mvuke wake uko tayari kuwaka saa zote. Mafuta mazito yanayotumiwa melini, kwa kanuni za kimataifa, hayaruhusiwi kuwa na kiwango cha chini ya nyuzi 60. Ndiyo maana njiti ya kiberiti ikianguka kwenye dimbwi lake lililopoa, aghalabu huzimika. Kibarua aliyeliona hilo kwa macho yake huanza kuyahesabu mafuta haya kuwa tope jeusi la kuchafua ovaroli, basi.

Tatizo ni kwamba hakuna kiwanda kinachoyatumia yakiwa yamepoa. Yakipoa huganda, pampu haiyavuti. Hivyo tangi huwekewa koili za mvuke au za umeme zinazoyapasha joto hadi nyuzi 40 au 50 ili yatiririke, na kabla ya kuingia kwenye kichomeo hupandishwa tena hadi kati ya nyuzi 100 na 130 ili yapuliziwe kwa matone madogo. Hapo yameshavuka kiwango chake cha mwako mbali sana. Yakiwa ndani ya bomba lililofungwa, pasipo hewa, hayana pa kuwakia. Lakini bomba hilo likivuja kwenye maungio, na tone likaangukia bomba la moshi la injini lisilofunikwa, moto hautangoji kiberiti.

Tangini hali ni tofauti, kwa kuwa juu ya mafuta pana nafasi yenye hewa. Kanuni ya kazi ni kwamba joto la tangi libaki chini ya kiwango cha mwako kwa nyuzi 10 au zaidi, na koili zisiachwe wazi mafuta yanapopungua, kwa sababu koili iliyo uchi huwa na joto kali kuliko kipimajoto kinavyoonyesha. Niongeze tahadhari ambayo hata mafundi wazoefu huisahau: tarakimu iliyoandikwa kwenye cheti cha shehena si dhamana. Mafuta mazito yanaweza kutoa gesi nyepesi zikakusanyika chini ya paa la tangi hata kabla joto halijafika kiwango hicho. Nafasi ile ihesabiwe kuwa inaweza kulipuka siku zote. Asichomelee mtu chuma juu ya tangi lenye mafuta, wala asifungue kifuniko akiwa na sigara au taa ya kawaida mkononi.

Anayeona nimetia chumvi na aangalie yaliyotokea Venezuela. Alfajiri ya Jumapili, 19 Desemba 1982, katika kituo cha umeme cha Tacoa, kwenye pwani iliyo karibu na Caracas, wafanyakazi walikwenda kupima kina cha mafuta mazito katika tangi moja kubwa. Tangi likalipuka, paa likarushwa, moto ukaanza. Mafuta yale yalikuwa yamepashwa joto kupita kiwango chake cha mwako. Kwa saa sita hivi moto uliwaka pale pale tangini. Zimamoto walifika, waandishi wa habari wakafika, na wakazi wakasogea kutazama. Muda mfupi baada ya saa sita mchana tangi lilitapika. Mafuta yanayowaka yalirushwa juu angani, kisha yakateremka mlimani kuelekea baharini yakiteketeza kila kilichokuwa njiani. Watu zaidi ya 150 walikufa, miongoni mwao makumi ya askari wa zimamoto.

Kilichowaua kilikuwa maji. Karibu kila tangi la mafuta mazito lina maji chini yake, yanayotokana na unyevu wa hewa, na shehena yenyewe, au na koili iliyotoboka. Moto unapowaka juu, sehemu nyepesi za mafuta huungua kwanza. Zile nzito, zikiwa na joto la nyuzi mia kadhaa, huzama taratibu saa baada ya saa hadi zikayagusa maji yaliyo chini. Maji yakigeuka mvuke hutanuka mara 1,700 hivi. Mama anayekaanga mihogo anajua tone moja la maji linavyofanya kwenye karai la mafuta ya moto. Kule Tacoa karai lilikuwa na kipenyo cha mita 55.

Kwa sababu hiyo, vali ya chini ya tangi ifunguliwe mara kwa mara kutoa maji, na hasa kabla ya kuanza kupasha. Hata pasipo moto wowote, tangi lenye maji likipashwa kufikia nyuzi 100 linaweza kufoka na kumwaga mafuta ya moto juu ya watu. Na moto ukitokea, mpira wa maji usielekezwe ndani ya mafuta. Kinachotakiwa ni povu la zimamoto, huku maji yakitumika kupoza kuta za nje na matangi ya jirani, na watazamaji waondolewe mbali tangu dakika ya kwanza, hata kama moto unaonekana kutulia.

Kuna muuaji mwingine asiyehitaji moto, naye ni gesi ya haidrojeni salfaidi inayotokana na salfa iliyomo katika mafuta haya. Ikiwa kidogo hunuka yai viza, na watu hudhani pua itawaonya. Haiwaonyi. Ikifikia sehemu kama 100 katika milioni moja za hewa, pua hufa ganzi na harufu hupotea, na mtu huamini gesi imekwisha. Ikikaribia sehemu 1,000, pumzi chache zinatosha. Tena ni nzito kuliko hewa, hutuama chini kabisa, pale anapoinama kijana aliyepewa koleo na ndoo akakwangue matope ya tangi. Akianguka, mwenzake huingia kumwokoa, naye akabaki humo humo. Vifo vya namna hii vinaniuma kuliko vyote, maana kipimo cha gesi, feni ya kupeperusha hewa, kamba ya kiunoni na mlinzi mlangoni vingevizuia. Tanzania ina sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003, Kenya ina ya 2007, na zote mbili zinamtwisha mwajiri wajibu huo. Kibarua wa siku moja naye analindwa nazo.

Kuhusu ngozi nitasema machache. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliyaweka mafuta mazito, mwaka 1989, katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Yakikupata, oga kwa sabuni. Usijisafishe kwa petroli, inayapenyeza zaidi. Yakikuunguza, poza kwa maji safi kwa dakika 20, wala usiyabandue yaliyogandamana, mwachie daktari.

Wewe unayesimamia boila au jenereta za mafuta mazito, muulize fundi wako leo tangi lina nyuzi ngapi, maji yalitolewa lini, na cheti cha shehena ya mwisho kinasema nini kuhusu kiwango cha mwako. Asipokuwa na majibu, zima koili mpaka yapatikane.